Geukeni Mwitazame Nyumba

Kila Jumamosi alasiri nikipita barabara ya ziwani mjini Gisenyi, naliona jambo lile lile. Gari lenye maua linasimama chini ya mitende, maharusi wanashuka, mpiga picha anawapanga mbele ya nyumba kuukuu yenye baraza pana na msingi wa mawe meusi ya volkano. Bibi harusi anawekwa sawa shela, bwana harusi anaambiwa atabasamu, picha zinapigwa, gari linaondoka. Baada yao wanakuja wanafunzi, kisha wageni kutoka Kigali, kisha vijana waliovuka kutoka Goma kuja kupunga upepo. Wote wanaipenda nyumba ile. Wote wanaipa mgongo.

Majuma machache yaliyopita jambo hilo lilinifuata hadi nyumbani. Nimo katika shindano dogo la picha, la kirafiki, lisilo na zawadi: Jumatatu inatolewa mada, Ijumaa kila mmoja anatuma picha yake. Mada ya juma lile ilikuwa jengo la kihistoria. Picha zilikuja nzuri kweli. Kuta zilizopigwa jua la jioni zikageuka rangi ya dhahabu, mabati yenye kutu yaliyopendeza kuliko mapya, wingu la moshi wa volkano ya Nyiragongo likielea nyuma ya paa. Nikauliza swali moja tu: nyumba hii ilijengwa lini, na nani ameishi humo? Waliojibu hawakufika watatu. Na mimi, ambaye picha yangu ilisifiwa, sikuwa na jibu la nyumba yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao nauleta kwenu leo. Anayepiga picha jengo la kale anachukua kazi ya shahidi, atake asitake, na shahidi asiyejua jina la mahali wala la mwenye mahali hamsaidii mtu. Picha ya jengo la kale inastahili kubeba jina, mwaka, na sauti ya angalau mtu mmoja aliyelijua jengo hilo kwa kufagia sakafu yake. Pasipo hayo, tumepiga picha ya jua la jioni tu.

Mji ambao kuta zake haziagi

Nengo ni akagari, mtaa mmoja wa umurenge (kata) wa Gisenyi katika wilaya ya Rubavu, upande wa ziwa Kivu. Mpaka wa Goma uko mwendo wa miguu. Hapa nyumba za enzi ya Wajerumani na Wabelgiji zimechanganyika na hoteli mpya, ofisi na makazi ya watu, na kila mwaka sura ya mtaa inabadilika kidogo. Mwenye uwezo ananunua, anabomoa, anajenga ghorofa. Sina ugomvi na anayejenga. Mji usiojengwa unakufa. Lakini katika eneo hili binadamu si mbomoaji pekee.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na uji wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa njiani mwake. Watu walioolewa humo, waliobatizwa humo, waliowaaga wazazi wao humo, walirudi wakakuta kuta zilizoungua zimesimama juu ya mwamba mweusi uliokuwa bado na joto. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Safari hii moto ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini ardhi iliendelea kutikisika siku baada ya siku, na upande wetu wa mpaka nyumba nyingi za Rubavu zilipasuka, nyingine zikalala chini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ikawa zamu ya maji: mvua ilinyesha, mto Sebeya ukafurika, eneo la Nyundo likazama kwenye tope, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha.

Katika mji wa namna hii, ni nani anayeweza kusema nitaipiga picha nyumba hii mwakani?

Nimekaa na watu waliopoteza nyumba. Mtu akifika kwao na daftari kuuliza nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, ilijengwa kwa tofali gani, ukuta wa jikoni ulikuwa upande upi, baba anajibu kwa mikono: anachora hewani, anapima kwa hatua kwenye tope, anamwita jirani athibitishe. Naye jirani amepoteza yake. Watoto wanasimama kando wakimwangalia baba yao akijitahidi kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa na mlango. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ndiyo mali kubwa ambayo familia nyingi zitawahi kuwa nayo. Simu tunazo. Tunapiga picha za sahani ya chakula kabla ya kula. Ni nyumba ngapi za Nengo ambazo wenyewe wana picha zake za mbele, za nyuma na za ndani, zilizohifadhiwa nje ya nyumba hiyo hiyo?

Kwa hiyo nikisema jengo la kihistoria sisemi jumba la gavana peke yake. Nyumba ya vyumba viwili aliyojenga babu yako kwa mshahara wake wa kwanza kutoka kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa hapa Gisenyi mwaka 1957, ni historia ya mji huu sawa na kanisa.

Krismasi ya Forodhani

Wasomaji wa pwani watanielewa haraka nikiwatajia tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Lilikuwa katikati ya ukarabati. Jumba lililonusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, ile vita iliyokwisha kabla ya saa moja kutimia, lilishindwa na ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii tumeisema darasani tangu utotoni kana kwamba inahusu tabia tu, na Zanzibar ikatuonyesha kwamba ilikuwa inahusu ukuta kweli.

Jumba hilo huenda lilipigwa picha nyingi kuliko jengo lingine lolote la visiwani. Kila mgeni aliyeshuka Forodhani aliondoka na picha yake, na karibu zote zilipigwa kutoka pale pale bustanini, na uso ni ule ule, mnara katikati na nguzo za chuma pande zote. Najiuliza ni wangapi walioelekeza kamera juu, mahali boriti inapoingia ukutani. Ni wangapi walipiga doa la maji lililokuwa likipanuka msimu hadi msimu? Picha elfu kumi za uso mmoja ni picha moja iliyorudiwa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilipo jumba hilo, una somo lingine ambalo halina huzuni. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, na kazi aliyoianza ikaendelezwa na mwanawe. Walipiga harusi na paspoti kama studio yoyote, lakini walitoka pia nje: wakapiga mitaa, milango, bandari, maandamano, watu wakiwa kazini. Leo mtu akitaka kujua uchochoro fulani ulikuwaje kabla ya duka la vinyago, anaanzia kwenye picha za namna hiyo. Studio ile ilikula kwa kupiga paspoti, na pembeni ya kazi hiyo ya mkate ikaacha daftari la mji mzima.

Na Kampala? Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza makaburi ya Kasubi, nyumba kubwa ya nyasi ambamo wamelala makabaka wa Buganda. Mwaka mmoja tu kabla, 2009, wataalamu walikuwa wamelipima jengo lile kwa miale ya leza, nukta kwa nukta. Nyasi ziliungua, vipimo vikabaki. Kazi ya kujenga upya ilikuwa ndefu, na Septemba 2023, katika kikao cha UNESCO kilichofanyika Riyadh, Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kikao hicho hicho ndicho kilichoiingiza Rwanda kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya urithi wa dunia: msitu wa Nyungwe, na kumbukumbu nne za mauaji ya kimbari, yaani Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero.

Naitaja Nyamata kwa makusudi. Pale paa la kanisa limeachwa na matundu yake, na mwanga unaingia kwenye matundu hayo hadi leo. Hakuna nchi inayohitaji kufundishwa kidogo kuliko Rwanda juu ya maana ya ukuta unaotoa ushahidi. Ndiyo maana inaniuma kuona jinsi tunavyozipita kuta nyingine kana kwamba hazina la kusema.

Njoo nyuma

Zipo hoja dhidi yangu, na kubwa kuliko zote niliisikia kwa kijana mwenzetu wa shindano. Alisema: hizi ni nyumba za wakoloni, za nini kuzihifadhi hata kwenye simu? Ziache zioze.

Namheshimu, kwa kuwa hasira yake ina mizizi. Mpaka uliokata Gisenyi na Goma ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, Wajerumani na Wabelgiji wakigawana ardhi ambayo si yao. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwatoa Wajerumani kwa vita, wakakaa hadi uhuru wa 1962. Na mtu akitaka kujua nyumba nyingi za enzi hiyo zilisimamishwaje, asikilize maneno yaliyobaki mdomoni. Kazi ya kulazimishwa ya wakati wa Wabelgiji, Wanyarwanda waliiita akazi. Mjeledi waliuita ikiboko. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Kazi na kiboko ni vya kwetu, vilipanda mlima pamoja na wapagazi na askari. Lugha yetu ilifika hapa mapema, na haikufika na salamu peke yake. Tangu mwaka 2017 sheria inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda, ingawa Gisenyi, kwa ujirani wake na Goma, haikuwahi kusubiri sheria.

Sasa basi, ukuta uliojengwa kwa akazi ukiondoka bila kupigwa picha, nani amefutwa? Aliyetoa amri ana jina lake katika hifadhi za Ulaya, pamoja na picha yake akiwa kwenye kiti cha kukunja. Aliyebeba jiwe hana kingine kilichobaki isipokuwa lile jiwe. Kuliacha lioze kwa hasira dhidi ya bwana ni kumzika mtumwa mara ya pili.

Nilifundishwa hili na mzee mmoja wa Nengo. Nilikuwa nimesimama barabarani, nikirudi hatua tatu, nikisogea mbili, nikitafuta mahali ambapo mtende hautaziba dirisha. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya geti. Nilimwamkia kwa Kinyarwanda, “Mwaramutse, mzee,” naye, kwa kuwa alinisikia lafudhi, akanijibu kwa Kiswahili cha Goma na Gisenyi. Aliniangalia nikipiga. Kisha akasema: “Mwanangu, hapa mbele kila mtu anapiga. Njoo nikuonyeshe kule nyuma.”

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nyuma ya ile nyumba yenye baraza ya kifahari kulikuwa na jengo dogo la mawe yale yale meusi, la vyumba vitatu vilivyopangwa kama mabehewa, kila kimoja na dirisha dogo kama kitabu. Huku kwetu linaitwa boyeri, mahali pa kulala watumishi. Mzee alizaliwa katika chumba cha katikati. Baba yake alikuwa mpishi, na kabla ya kuwa mpishi alikuwa kijana wa kubeba mawe ya msingi wa nyumba ile ile. Mzee aliweka kiganja kwenye jiwe moja la pembeni na kuniambia kwamba baba alikuwa akiwaonyesha lile jiwe. Lilimvunja kidole.

Sikuwa nimeliona jengo hilo katika picha hata moja ya shindano letu. Nilikuwa nimesimama miaka yote upande wa barabara.

Mzee alikumbuka pia Julai 1994. Serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari ilikuwa imekimbilia mji huu, na ilipovuka mpaka, mamia ya maelfu ya watu walivuka nayo kuingia Goma kwa siku chache. Barabara ya maharusi ilikuwa mto wa watu. Hakunieleza mengi, nami sikumchimba. Alisema tu kwamba baraza ile ililala watu ambao asubuhi hawakuonekana tena. Nami nikafikiria vijana wanaopiga picha hapo, wakiwa na furaha yao halali kabisa, na hakuna aliyewahi kuwaambia wameegemea nini.

Kigali inatuonyesha kwamba inawezekana kufanya vinginevyo. Nyumba inayotajwa kwa jina la Richard Kandt, Mjerumani aliyekuwa mwanzilishi wa mji huo mwaka 1907, sasa ni makumbusho, na mtoto wa shule akiingia anaambiwa habari za ukoloni pale pale ukoloni ulipokaa. Gereza la zamani la katikati ya jiji lilijulikana kwa mwaka wake tu, 1930, hadi wafungwa walipohamishiwa Mageragere mwaka 2018. Watu walisema “alifungwa 1930” na kila mtu akaelewa. Jengo lenye mwaka kwenye jina lake haliwezi kusahaulika kirahisi. Nyumba za Nengo hazina hata namba hiyo.

Hodi kwanza

Kwa hiyo kwa wenzangu wa shindano, na kwa yeyote mwenye simu, nasema hivi. Piga hodi. Nyumba ya kale ni nyumba ya mtu, na mtu akiona mgeni anaelekeza kamera kwenye paa lake, moyo wake unaenda kwenye kodi, mgogoro wa ardhi, au bomoabomoa. Wakazi wa bonde la Msimbazi mjini Dar es Salaam waliowahi kuamka na kukuta X nyekundu ukutani wanajua hofu hiyo ina rangi gani. Jieleze wewe ni nani na picha inakwenda wapi. Ukikataliwa, shukuru uondoke. Na kwa kuwa mpaka uko karibu, geuza kamera mbali na vituo vyake na askari wake. Picha unayoitafuta haiko huko.

Ukiruhusiwa, usikimbilie jioni. Nyumba nyingi za Nengo zinazotazama ziwa zinatazama upande wa machweo, hivyo uso wake unapata mwanga alasiri, lakini ua na jikoni vinapata asubuhi, na huko nyuma ndiko nilikosema kuna habari. Nenda mara mbili. Rudi nyuma badala ya kuielekeza simu juu, maana ukiielekeza juu, kuta zinaonekana zinaanguka kabla ya wakati wake. Ile lenzi pana inayoingiza kila kitu inapinda nguzo, iache. Piga uso mzima ukiwa umesimama wima mbele yake, kisha kona, kisha mlango, kisha ufa wowote unaouona, ukiwa umeweka kalamu kando yake ili atakayeangalia baada ya miaka kumi ajue kama umekua. Mwombe mwenyeji asimame kwenye kizingiti. Uso wake kwenye kizingiti utasema mengi kuliko machweo yote ya Kivu, na ukubwa wa mlango utajulikana pia.

Halafu ifanye ile kazi ambayo hakuna anayeipenda: andika. Picha zinazopitishwa kwenye WhatsApp zinabanwa na kupoteza taarifa zake, tarehe na mahali vikiwemo. Baada ya miaka mitano unabaki na ukuta usio na kwao. Chapisha nakala moja kwenye karatasi, andika nyuma yake jina la mtaa, tarehe, na maneno ya aliyekuambia, kwa lugha aliyotumia. Nakala ya pili mpe mwenye nyumba. Hiyo ya pili ndiyo muhimu zaidi, maana siku ardhi itakapotikisika tena, yeye ndiye atakayeulizwa ukuta ulikuwa wapi.

Na kwa nini tusiifanye pamoja? Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi nchi nzima hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Watu wamekusanyika tayari, wazee kwa vijana, majembe mkononi. Baada ya kazi huwa kuna kikao. Nusu saa ya kikao hicho, mara moja kwa mwezi, ingetosha kwa nyumba moja: kijana mwenye simu apige, mzee aseme, mwalimu aandike. Nyumba 12 kwa mwaka katika akagari kamoja. Haihitaji bajeti wala semina.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa yule mzee na picha mbili zilizochapishwa, moja ya baraza na moja ya boyeri. Ile ya baraza aliitazama kidogo, akaiweka gotini. Ile ya pili aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu tena. Akaomba kalamu. Akaigeuza, na kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani akaandika jina la baba yake, kisha akachora mshale mdogo kwenye kona, mahali ambapo upande wa pili pana lile jiwe. Akanirudishia kalamu na kuniuliza kama Jumamosi ijayo naweza kuja mapema, jua likiwa bado upande wa jikoni.